Mendoza haifi kwa kukosa wanywaji

Mwishoni mwa mwaka 2025, INV, taasisi ya taifa ya Argentina inayosimamia zabibu na mvinyo, ilifuta kwa mkupuo mmoja kanuni zaidi ya 900 zilizokuwa zimerundikana tangu taasisi hiyo ianzishwe mwaka 1959. Habari hiyo ilikuta nyingine imeshatangulia: kwa makadirio ya OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, dunia ilikunywa hektolita milioni 214 mwaka 2024, kiasi kidogo kuliko mwaka wowote tangu 1961. Walioziweka habari hizo mbili pamoja hawakuchelewa kutoa hukumu. Watu wameacha kunywa, serikali imejitoa, basi Mendoza, mkoa unaotoa zaidi ya theluthi mbili ya mvinyo wote wa Argentina, umefika mwisho wake. Wenye matumaini nao wana jibu lao tayari, na jibu hilo lina jina: Bodega Catena Zapata, kiwanda cha familia kilichoshika nafasi ya kwanza mwaka 2023 katika orodha ya World's Best Vineyards. Fanyeni kama Catena, wanasema. Pandeni mlimani, punguzeni wingi, ongezeni ubora, wanunuzi watakuja wenyewe.

Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinaanza kulitazama suala la Mendoza kwenye glasi, ilhali linaanzia kwenye mfereji. Kinachoamua nani atabaki na shamba lake na nani ataliuza ni mambo mawili: nani ana haki ya maji, na nani anabeba hasara katika miezi ile mirefu kati ya siku zabibu zinapoondoka shambani na siku fedha zinapoingia mkononi. Catena ilifanikiwa, na mafanikio yake nayaheshimu kwa dhati, kwa sababu ilikuwa na majibu ya maswali hayo mawili kabla haijapanda mlimani. Wakulima wengi wa bondeni hawana hata jibu moja. Na mabadiliko ya kanuni yaliyoanza kutumika mwaka 2026 yamelifanya swali la pili kuwa gumu zaidi, huku la kwanza yakiliacha kama lilivyokuwa.

Bila kuijua jiografia ya Mendoza ni vigumu kulifuata jambo hili. Milima ya Andes imesimama upande wa magharibi, na mawingu yanayotoka Pasifiki humwaga mvua na theluji yake karibu yote upande wa Chile na juu ya vilele. Bondeni Mendoza hufika takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Dodoma, ambayo sisi tunaiita nusu jangwa, hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo mzabibu wa Mendoza hautegemei mvua hata kidogo. Unategemea theluji inayoyeyuka wakati wa joto, ikashuka kwa mito ya Mendoza, Tunuyán, Diamante na Atuel, kisha ikagawanywa kwa mifereji. Sehemu ya mkoa yenye kijani haifiki asilimia 5. Kwingine kote ni vumbi, mawe na vichaka vya miiba. Watu wa Huarpe walikuwa na mifereji yao kabla Wahispania hawajafika, na mji wenyewe ulikua juu ya mifereji hiyo. Hata leo mitaro inayoitwa acequia inapita kando ya barabara za katikati ya mji ikinywesha miti ya kivuli, na mgeni asiyeangalia anapokanyaga anaweza kutumbukia.

Sheria ya Maji ya mwaka 1884 ndiyo iliyoyapa maisha ya mkoa huo umbo lake. Maji ni mali ya umma, na haki ya kuyatumia imefungwa kwenye ardhi: huwezi kuuza maji ukabaki na shamba, wala kununua maji ya mwenzako ukayahamishia unakotaka. Wakulima wa kila mfereji huchagua mkaguzi wao wenyewe. Chini ya mkaguzi yuko tomero, mtu anayezunguka akifungua na kufunga milango ya mifereji kwa zamu. Zamu ikiangukia saa nane usiku, mkulima ataamka saa nane usiku, avae mabuti, ashike beleshi na kuyaongoza maji mstari baada ya mstari mpaka muda wake uishe na jirani apokee. Mfumo huu una kasoro nyingi, maji mengi hupotelea njiani kwenye mifereji ya udongo, lakini umefanya jambo ambalo nchi nyingi kavu zimeshindwa kulifanya. Umempa mwenye hekta tano haki inayotambulika kisheria kama ile ya kampuni kubwa.

Juu ya msingi huo ndipo ulipojengwa mvinyo. Reli kutoka Buenos Aires ilifika Mendoza mwaka 1885, na nyuma yake wakaja wahamiaji, Waitaliano na Wahispania kwa maelfu. Nicola Catena aliondoka Marche nchini Italia mwaka 1898 na kupanda shamba lake la kwanza mwaka 1902. Wageni hao walitaka mvinyo mezani kila siku, na vizazi vyao vikaendelea hivyo hivyo mpaka miaka ya 1970, ambapo Mwargentina mmoja kwa wastani alikunywa takriban lita 90 kwa mwaka. Kwa unywaji wa namna hiyo hakuna kiwanda kilichokuwa na sababu ya kuuliza ubora. Mizabibu iliinuliwa kwenye vichanja ili izae sana, ikanyweshwa bila kipimo, na mkulima akalipwa kwa kilo. Kisha tabia ikabadilika. Bia na soda zikashika meza. Mwaka 1980 kampuni za Greco, zilizokuwa zimeshika sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo pamoja na benki, zilianguka na kuwaburuta wengi waliokuwa wakizidai. Mashamba yakang'olewa. Nchi iliyokuwa na zaidi ya hekta 300,000 za mizabibu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipoteza takriban theluthi yake katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, na zabibu ya Malbec, iliyokuwa imepita hekta 50,000 miaka ya 1960, ikabaki kama hekta 10,000 tu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hasara ile ya Malbec inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi hukumu za haraka zinavyoweza kupotosha. Zabibu hii ni ya kusini magharibi mwa Ufaransa, na ililetwa Argentina miaka ya 1850 na mtaalamu wa kilimo Mfaransa Michel Aimé Pouget. Kwao, nchini Ufaransa, zabibu hiyo ilidhoofishwa na mdudu filoksera wa karne ya 19, kisha baridi kali ya mwaka 1956 ikaua mizabibu mingi eneo la Bordeaux, na wakulima wengi wa huko wakaona heri wapande aina nyingine. Kwa hiyo miti ya zamani iliyobaki Mendoza ilikuwa hazina. Na hazina hiyo ndiyo waliyoing'oa, hekta kwa hekta, kwa sababu bei ya mwaka ule iliwaambia hivyo. Walioitunza, wakiwemo akina Catena kwenye shamba la Angélica huko Lunlunta, ndio waliokuja kuwa na vipando ambavyo dunia nzima ilivitaka.

Nicolás Catena Zapata, mjukuu wa Nicola, ni mwanauchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwalimu mgeni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na akiwa huko alitembelea bonde la Napa akaona Wamarekani wanashindana na Ufaransa bila kuomba radhi kwa mtu. Aliporudi aliuza biashara ya mvinyo wa bei ya chini, akabaki na tawi la mvinyo bora. Alianza na zabibu za Chardonnay na Cabernet Sauvignon. Baba yake, Domingo, ndiye aliyekuwa na imani na Malbec, na mwaka 1994, mzee akiwa ameshafariki, Malbec ya shamba la Angélica nayo ikapata chupa yenye jina la Catena. Kabla ya hapo, mwaka 1992, Nicolás alikuwa amefanya jambo lililoonekana la hatari: alipanda mizabibu Gualtallary, wilaya ya Tupungato, mahali palipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,450, ambako iliaminika kwamba baridi isingeruhusu zabibu nyekundu kuiva. Shamba hilo linaitwa Adrianna, jina la binti yake mdogo.

Ziliiva. Sababu zake zimefanyiwa utafiti wa miaka mingi na Catena Institute, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1995 na binti yake mkubwa, Laura Catena, ambaye ni daktari wa binadamu. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa, lakini jua linakuwa kali zaidi, hasa mionzi ya urujuanimno. Zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda lake na kujaza humo rangi na tanini. Usiku baridi huitunzia uchachu ambao joto la bondeni lingeuteketeza. Na ardhi yenyewe hubadilika kila baada ya hatua chache, kwa kuwa ni mchanganyiko wa mawe, changarawe na chokaa uliosombwa na maji ya kale kutoka mlimani. Katika shamba la Adrianna kuna mistari ya Chardonnay yenye chokaa nyingi na mabaki ya mifupa ya wanyama wa kale, na karibu yake mistari iliyofunikwa na mawe meupe ya mto. Kiwanda hakizichanganyi zabibu hizo. Za kwanza zinaingia chupa iitwayo White Bones, za pili White Stones, na wanaoonja wanasema ni mvinyo wa tabia mbili tofauti kabisa. Kwa mtu yeyote anayejali kilimo, awe anakunywa au hanywi, kuijua ardhi kwa kina hiki ni jambo la kuvutia mno.

Chupa ya Malbec Argentino ya kiwanda hicho inaisimulia historia yote hiyo kwenye karatasi yake. Imechorwa wanawake wanne: Eleanor wa Aquitaine, malkia anayesimamia chimbuko la Malbec nchini Ufaransa, mwanamke mhamiaji anayevuka bahari, filoksera, aliyepewa sura ya kifo, na wa nne ni Adrianna Catena, kizazi kipya kilichozaliwa Mendoza. Mchoro ni mzuri na masimulizi ni ya kweli. Lakini mwenye kuitazama karatasi ile kwa macho ya mkulima ataona aliyekosekana. Hayumo anayefungulia maji, wala hayumo aliyeuza zabibu zake kwa mkopo mwezi Machi na hajalipwa mpaka mwaka unakwisha.

Turudi basi kwenye hoja. Ya kwanza ni ile ya wanaosema wanywaji wamekwisha. Takwimu zao ni sahihi. Argentina yenyewe imeshuka kutoka zile lita 90 hadi chini ya lita 20 kwa mtu kwa mwaka. Lakini kushuka huko kuna umri wa nusu karne, na miaka iliyoing'arisha zaidi Malbec imo katikati yake. Eneo la Malbec lilirudi kupita hekta 40,000 wakati huo huo unywaji wa ndani ukiendelea kuporomoka. Kama kupungua kwa wanywaji peke yake kungekuwa ndiko kunakoua, Mendoza ingekuwa imezikwa mwaka 1995. Nakubali kwamba safari hii kuna jambo jipya: zamani soko la nje lilipanuka wakati la ndani likisinyaa, leo yote mawili yamesimama, na peso yenye nguvu imeifanya chupa ya Argentina kuwa ghali nje huku gharama za ndani zikipanda. Hilo ni tatizo zito. Hata hivyo soko linaposinyaa kwa wote, bado kuna wanaofunga na wasiofunga, na tofauti kati yao haielezwi na idadi ya wanywaji.

Hoja ya pili, ya kupanda mlimani, ina nguvu zaidi, na ndiyo iliyonishughulisha. Bonde la Uco, ambamo Gualtallary imo, limebadilika kabisa tangu miaka ya 1990. Palipokuwa vichaka pana mashamba yaliyonyooka kama yamepigwa rula, yenye mifumo ya umwagiliaji wa matone na nyavu za kuzuia mvua ya mawe. Ila sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya juu haikuwa na haki ya maji ya mfereji, kwa kuwa mifereji ya zamani ilichimbwa kuhudumia mabonde ya chini. Iliwezekana kulimwa kwa sababu ya visima virefu, umeme wa kuvuta maji, na mtaji wa kusubiri miaka kadhaa kabla ya mvuno wa maana. Kwa maneno mengine, kilichonunuliwa kule juu kilikuwa baridi na chokaa, na pamoja navyo uwezo wa kupata maji nje ya zamu ya tomero. Maji hayo ya chini ya ardhi hayana chanzo kingine. Yanatoka kwenye theluji ile ile, na yanalisha chemchemi na mito inayoshuka kwa walio chini. Tangu mwaka 2010 miaka yenye theluji haba imefuatana, mkoa umekuwa ukitangaza hali ya dharura ya maji, na kuna maeneo ambako kuchimba visima vipya kumewekewa vizuizi. Ushauri wa kuwaambia maelfu ya wakulima wapande mlimani unawaelekeza kwenye mlango ambao kwa wengi umeshafungwa.

Hata kama maji yangekuwepo, chupa za bei ya juu hazina soko la kumeza zabibu za mkoa mzima. Wilaya za mashariki, San Martín, Rivadavia, Junín, ziko kwenye mwinuko wa mita 600 na kitu. Huko kuna zabibu za Bonarda, kuna Cereza na Criolla Grande zenye ganda la rangi ya waridi, kuna vichanja vilivyopandwa na mababu, na huko ndiko kunakotoka mvinyo wa kila siku na maji ya zabibu yaliyokolezwa yanayouzwa viwandani. Mashamba ni madogo, wenyewe wana umri mkubwa, watoto wamehamia mjini. Kuwapima kwa kipimo cha Adrianna ni kuwaonea.

Na hapa ndipo ilipo hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ile inayosema wakulima wadogo wameanguka kwa sababu ya uzito wao wa kubadilika. Inasemwa na watu wanaojua mvinyo sana na biashara ya zabibu kidogo. Chukua namna zabibu zinavyouzwa. Mvuno unaanza Februari na kufikia kilele Machi. Zabibu hazisubiri, zikishaiva, lori lazima lifike. Mkulima anapeleka mzigo kiwandani mara nyingi bila bei ya mwisho kujulikana, kisha analipwa kwa mafungu yanayoweza kuvuta miezi sita, nane, hata zaidi. Mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini Argentina ulifika asilimia 211.4. Fungu lililoahidiwa Machi kwa bei ya Machi likilipwa Novemba ni kama zawadi kutoka kwa mkulima kwenda kwa kiwanda. Mfumuko umepungua tangu hapo, lakini utaratibu wa malipo haujabadilika. Ongeza mvua ya mawe, ambayo inaweza kumaliza shamba kwa dakika kumi ilhali nyavu za kuizuia ni ghali, na baridi ya Oktoba inayounguza vichipukizi. Mtu huyu anawezaje kung'oa kichanja, apande Malbec, asubiri miaka mitatu au minne bila kipato? Nicolás Catena aliweza kwa sababu alikuwa na biashara nzima ya kuuza na tawi la kubaki nalo. Uamuzi wake ulihitaji ujasiri, sikatai, lakini ujasiri bila akiba usingelipanda shamba la Adrianna.

Kwa mtazamo huo ndipo kanuni mpya zinapopata maana yake halisi. Wanaozitetea wana haki katika mengi. INV ilizaliwa zama za mvinyo wa kughushi na ziada isiyo na mwisho, na ilikuwa imefika mahali pa kuingilia hata mambo ambayo mtengenezaji makini anayajua kuliko ofisa yeyote. Kuruhusu kiwanda kichague mbinu zake na kuiachia taasisi ukaguzi wa kinachoingia kwenye chupa ni busara, na sitamlilia aliyepunguziwa fomu. Lakini katika vilivyolegezwa kimo cheti cha kuingiza zabibu, CIU, ambacho sasa si cha lazima. Cheti hicho kilikuwa kikirekodi kila mzigo uliopita kwenye mizani ya kiwanda: zabibu za nani, kutoka shamba gani, aina gani, kilo ngapi, sukari kiasi gani. Kwa kiwanda kikubwa chenye wanasheria, kilikuwa usumbufu. Kwa mkulima asiye na mkataba, kilikuwa pengine karatasi pekee yenye mamlaka ya serikali inayothibitisha kwamba alileta alichosema ameleta. Kukifanya hiari maana yake ni kwamba anayekitaka atakiomba kwa mnunuzi ambaye mwezi Machi ndiye mwenye nguvu zote. Waliofuta hawakuwa na nia mbaya. Walilitazama suala zima kwa upande wa chupa.

Je, suluhisho ni kuirudisha serikali kwenye biashara? Mendoza iliwahi kujaribu. Giol, kiwanda kikubwa kilichokuwa mikononi mwa serikali ya mkoa tangu miaka ya 1950, kilinunua zabibu ili bei isianguke chini ya kiwango cha kumuua mkulima. Kwa muda kilisaidia, kisha siasa na madeni vikakilemea mpaka kikabinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichotoka humo kinavutia zaidi kuliko kifo chake: sehemu yake ya biashara ilikwenda kwa shirikisho la ushirika, Fecovita, linalounganisha wazalishaji wapatao 5,000, na mvinyo wao wa Toro uko kwenye meza za nyumba nyingi nchini humo. Ushirika huo haukukosa migogoro. Hata hivyo unaonyesha kwamba mkulima wa bondeni anaweza kumiliki tangi na mashine ya kujazia chupa, na kwamba akishavimiliki hahitaji tena kumuomba mtu cheti. Katika mijadala ya mvinyo bora, jina la Catena hutajwa mara mia kabla la Fecovita halijatajwa hata mara moja, na hilo linanisikitisha, maana moja linaeleza jinsi mkoa ulivyopata heshima na jingine jinsi unavyoweza kubaki na watu.

Mimi nimekulia Dodoma, na hii ndiyo sababu ya kulifuatilia jambo la mbali kiasi hiki. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo Mendoza haina, na bado malalamiko ni yale yale: mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anavuna, mnunuzi hana nafasi kwenye matangi, zabibu zinaozea shambani au zinaondoka kwa bei ya kutupa. Wataalamu wetu wakija na picha za viwanda vya Amerika Kusini, huja na picha za mlima na chupa, wakahimiza ubora. Ubora ni jambo jema. Ila kama tutaiga kitu kutoka Mendoza, ningependa kwanza tuige sheria inayoyafunga maji na ardhi pamoja, na ule uchaguzi wa mkaguzi wa mfereji unaofanywa na wakulima wenyewe.

Kwa Mendoza yenyewe, kipimo cha kweli kiko kwenye maji, na wananchi wake wamekwisha kuonyesha kwamba wanalijua hilo. Desemba 2019 serikali ya mkoa ililegeza sheria namba 7722 ya mwaka 2007, inayokataza migodi kutumia sayanidi, zebaki na tindikali ya salfa. Maelfu ya watu walijaa barabarani, wakulima na wa mjini pamoja, wakipiga mbiu kwamba maji ya Mendoza hayajadiliwi, na kabla mwezi haujaisha mabadiliko yalifutwa. Shinikizo la uchimbaji wa shaba halijaondoka, na sheria ya mwaka 2010 inayolinda barafu za milimani nayo imekuwa na wanaotaka ilegezwe. Katika vita hivyo mwenye shamba la Gualtallary na mwenye kichanja cha Rivadavia wako upande mmoja, kwa sababu theluji yao ni moja. Wangeweza kuwa upande mmoja katika mengine pia. Viwanda vinavyouza jina la Mendoza duniani vina uwezo wa kutangaza hadharani kiasi cha maji wanachovuta kwenye kila kisima, na Idara Kuu ya Umwagiliaji ya mkoa inaweza kuvidai takwimu hizo na kuzichapisha karibu na zile za mifereji. Na kama CIU itabaki hiari, bunge la mkoa linaweza kudai mkataba wa maandishi wenye bei na tarehe ya malipo kabla lori halijapanda kwenye mizani, pamoja na fidia pale tarehe inapopita. Hayo hayamrudishi mnywaji hata mmoja. Yanampa mkulima wa hekta tano muda wa kufika kwenye mvuno unaofuata akiwa bado na shamba, na bila watu kama yeye mifereji iliyochimbwa tangu enzi za Huarpe haitakuwa na wa kuizibua.